Barua ya wazi kwa wenye mamlaka: mzigo wa chuma ufungwe na aliyeupakia, kabla lori halijatoka getini

Kwa mawaziri wenye dhamana ya uchukuzi na ya kazi, kwa wakuu wa mamlaka za usalama barabarani, kwa wamiliki wa viwanda na maghala ya chuma, na kwa wamiliki wa malori.

Waheshimiwa,

Nawaandikia juu ya jambo moja tu, nalo ni hili: nani anayewajibika kuhakikisha kwamba koili (yaani bamba refu la chuma lililoviringishwa likabaki na tundu katikati), nondo, mabamba na mihimili ya chuma imefungwa sawasawa kabla ya kuingia barabarani. Kwa desturi iliyozoeleka, mzigo wa namna hiyo unapochomoka na kuangukia gari jingine, au unapovunja kibanda cha dereva, maswali yote huelekezwa kwa mtu aliyeshika usukani. Ataulizwa alikuwa akienda kasi gani, amelala saa ngapi, na kwa nini hakusimama kukagua minyororo yake. Maswali hayo ni halali. Hata hivyo, mahali koili ilipowekwa juu ya tela, kitu kilichowekwa chini yake, idadi ya minyororo iliyotolewa na muda ulioruhusiwa wa kuifunga ni mambo yaliyoamuliwa kabla injini haijawashwa, na mara nyingi yaliamuliwa na watu ambao majina yao hayaonekani popote katika taarifa ya ajali. Barua hii inaomba majina hayo yaonekane, na yaonekane mapema, wakati lori likiwa bado ndani ya uzio.

Naanza na imani ambayo ndiyo mama wa uzembe mwingi katika kazi hii, kwamba chuma ni kizito na kwa hiyo hakiendi popote. Nimeisikia kwa wapakiaji, kwa madereva, na kwa masikitiko nimeisikia pia kwa wasimamizi wenye vyeti. Ni kweli kwamba uzito hukandamiza mzigo kwenye sakafu ya tela na hivyo kuongeza msuguano. Lakini uzito huohuo ndio unaoongeza nguvu inayousukuma mzigo mbele dereva anapokanyaga breki, na viwili hivyo hupanda pamoja kwa kiwango kilekile, kiasi kwamba koili ya tani 20 na kipande cha kilo 20 vikiwa vimelala juu ya sakafu ya aina moja bila kufungwa vitaanza kuteleza kwenye breki ya ukali uleule. Tofauti ni kwamba kile cha kilo 20 kitapasua kioo, ilhali ile ya tani 20 haizuiliki tena na kitu chochote kilichoundwa kwa ajili ya kumlinda binadamu.

Msuguano wenyewe kati ya chuma na chuma ni mdogo kuliko wengi wanavyodhani. Kwa makadirio yanayotumiwa na wahandisi, chuma kilicholazwa moja kwa moja juu ya sakafu ya chuma hushikiliwa kwa nguvu ya karibu asilimia 10 hadi 20 tu ya uzito wake, na mafuta ya kuzuia kutu, maji ya mvua au vumbi huishusha zaidi. Kanuni za kimataifa za breki, kwa upande mwingine, zinadai lori zito liweze kupunguza mwendo kwa angalau mita 5 kwa sekunde katika kila sekunde, ambayo ni sawa na kuusukuma mzigo kwa takriban nusu ya uzito wake. Kwa maneno mengine, lori lenye breki nzima, likiendeshwa na dereva mwangalifu anayejaribu kumwepa mtoto aliyekatiza barabara, lina uwezo kamili wa kuuacha mzigo uende zake. Ndiyo maana viwango vya Ulaya (EN 12195-1), kanuni za Marekani na mwongozo wa Australia vimekubaliana, kila kimoja kwa njia yake, kwamba vifungio viweze kuzuia nguvu ya asilimia 80 ya uzito wa mzigo kuelekea mbele, na asilimia 50 kuelekea pembeni na nyuma. Nguvu hizo ndizo zinazotokea katika safari ya kawaida yenye breki za ghafla na kona kali, wala hazikukusudiwa kumfunika dereva anayegongana na ukuta.

Sasa naomba mnivumilie katika hesabu moja, kwa sababu ndani yake mna sababu nzima ya barua hii. Chukueni koili ya tani 20. Asilimia 80 ya uzito huo ni tani 16 za nguvu zinazopaswa kuzuiwa. Ikiwa imelazwa chuma juu ya chuma kwa msuguano wa asilimia 20, sakafu yenyewe inazuia tani 4, na zinabaki 12. Mpakiaji anachukua mkanda wa kawaida wa upana wa milimita 50, wenye lebo inayosema kwamba unahimili nguvu ya takriban tani 2.5, anaupitisha juu ya koili na kuukaza kwa racheti, yaani kikazio chenye mpini wa kuvutwa kwa mkono, kisha anajiambia kwamba mikanda mitano itatosha na kubaki na akiba. Hapo ndipo anapokosea. Mkanda uliopitishwa juu ya mzigo hauushikilii kwa nguvu yote iliyoandikwa kwenye lebo. Unaukandamiza tu chini kwa nguvu ambayo mkono wa mtu umeweza kuitia kwenye racheti, na nguvu hiyo, ambayo nayo huandikwa kwenye lebo pembeni ya herufi STF, kwa kawaida ni kati ya kilo 300 na 500. Tuseme ni 500, na pande zote mbili zinakandamiza kikamilifu, kwa hiyo tunapata tani 1. Lakini kinachozuia mzigo usiteleze ni asilimia 20 tu ya mkandamizo huo, yaani kilo 200. Gawanyeni tani 12 kwa kilo 200, mtapata mikanda 60. Na mkiongeza akiba ya robo ambayo kiwango cha Ulaya kinaidai kwa upande wa mbele, mtafika 75. Hakuna lori duniani lenye mikanda 75 juu ya koili moja. Hata minyororo, ikipitishwa juu kwa namna hiyohiyo, huanguka katika kosa hilohilo, ingawa hukazwa kwa nguvu kubwa zaidi.

Wekeni chini ya koili hiyohiyo mikeka ya mpira iliyotengenezwa kwa ajili ya kuzuia mteleso, ambayo kiwango hicho kinairuhusu kuhesabiwa kwa msuguano wa asilimia 60 ikiwa safi na kavu. Sakafu sasa inazuia tani 12 peke yake, zinabaki 4, na kila mkanda unachangia kilo 600 badala ya 200. Mikanda 9 inatosha pamoja na akiba yake. Tumetoka 75 hadi 9 kwa vipande vya mpira vinavyobebeka kwa mkono, na ambavyo haviwezi kuwekwa tena baada ya koili kushushwa na kreni. Dereva anayekuta koili imeshatua juu ya chuma kitupu hana njia ya kulirekebisha jambo hilo, hata awe na ujuzi wa miaka mingi na hofu ya Mungu juu yake.

Kuna wanaotegemea ukuta wa mbele wa tela. Kwa tela lililojengwa kwa daraja la kawaida la kiwango cha Ulaya EN 12642, ukuta huo hupimwa kwa asilimia 40 ya shehena inayoruhusiwa, tena bila kuzidi nguvu ya takriban tani 5. Kwa daraja lililoimarishwa hupimwa kwa asilimia 50. Shehena ya tani 25 inaposukuma mbele kwa tani 20, ukuta wa tani 5 ni karatasi. Zaidi ya hayo, koili kubwa haiwezi hata kuegemezwa kwenye ukuta huo, kwa sababu chuma kina uzito wa kilo 7,850 kwa kila mita ya ujazo, na tani 25 zake hazijazi hata mita 4 za ujazo. Uzito wote huo ukirundikwa mbele utazidisha mzigo kwenye ekseli za kichwa. Kwa hiyo koili hukaa katikati ya tela ikiwa na nafasi wazi mbele yake, na nafasi wazi ndiyo inayoupa mzigo muda wa kuchukua kasi kabla ya kugonga. Anayetazama tela ambalo robo tatu ya sakafu yake iko tupu hudhani kwamba limebeba kidogo.

Vilevile kuna suala la pete za kufungia zilizo kwenye fremu ya tela, ambalo wengi hulipita. Mnyororo wa milimita 10 wa daraja la 8 umepimwa kuhimili takriban tani 6.3, na wenyewe hupendeza machoni. Lakini pete za kawaida za tela zito, kwa kiwango cha EN 12640, hupimwa kwa takriban tani 2 kila moja. Mnyororo wa tani 6.3 ulioshikizwa kwenye pete ya tani 2 ni mnyororo wa tani 2. Tela linalobeba chuma kila siku linapaswa kuwa na pete zenye nguvu zaidi, na nguvu hiyo iwe imeandikwa kwenye kibao kinachosomeka; bila kibao hicho, mkaguzi na dereva wote wawili wanabahatisha.

Koili inaweza kulazwa ikiwa tundu lake linatazama juu, likitazama pembeni au likitazama mbele na nyuma, na kila namna ina hatari yake. Iliyolazwa tundu likitazama pembeni huwa tayari kubingirika kuelekea kwa dereva, na hiyo haifai kabisa kusafirishwa kwenye sakafu bapa kwa kutegemea mikanda. Inahitaji tela lenye bonde la kuikalia, au kitako imara chenye kabari zilizounganishwa baina yao zisiweze kuachana, na koili iegemee kwenye kabari pasipo tumbo lake kugusa sakafu. Kabari iliyopigiliwa misumari miwili kwenye ubao mkavu ni mapambo. Iliyosimamishwa tundu likitazama juu hutulia zaidi ikiwa pana, lakini koili nyembamba iliyokatwa kwa upana mdogo huanguka ubavu kwenye kona, ikavuta na tela zima.

Nondo zina tabia yake, na wanaoshughulika na koili pekee huisahau. Nondo ya milimita 16 yenye urefu wa mita 12 ina uzito wa karibu kilo 19, kwa hiyo fungu la tani 2 lina zaidi ya nondo 100. Mkanda uliopitishwa juu ya fungu huzishika zile za nje. Zile za katikati hushikiliwa na jirani zake tu, chuma kwa chuma, na kwenye breki kali huchomoka kutoka ndani ya fungu kuelekea kibanda cha dereva, huku fungu lenyewe likibaki limefungwa kwa nje kana kwamba hakuna kilichotokea. Dawa yake ni mnyororo au mkanda unaozungushwa fungu zima na kulibana pande zote, pamoja na kizuizi imara mbele ya ncha za nondo. Mabamba na mabomba yaliyopakwa mafuta huteleza kwa namna inayofanana na hiyo, safu juu ya safu, na mbao au mpira unatakiwa kuwekwa baina ya kila safu, wala si chini ya ile ya kwanza peke yake.

Waheshimiwa, katika yote niliyoyaeleza, ni machache mno ambayo dereva anaweza kuyaamua peke yake. Aina ya tela iliamuliwa na mmiliki wa lori. Mikeka, kabari na mahali pa kushushia mzigo viliamuliwa na kiwanda. Muda uliamuliwa na foleni ya malori yaliyo nyuma yake. Katika yadi nyingi dereva haruhusiwi hata kusogea karibu wakati kreni inashusha, na kwa sababu nzuri ya usalama wake. Kisha akishapakiwa huambiwa aondoke upesi ampishe mwenzake, akafunge mzigo wake nje ya geti. Maana yake ni kwamba mita za kwanza za safari, zenye kona ya geti na tuta lake, hupitwa na tani 25 za chuma ambazo hazijafungwa na chochote. Sijui ni nani aliyebuni utaratibu huo, lakini ningependa kumwona akitembea mbele ya lori hilo.

Zipo nchi ambazo sheria zimelitambua jambo hili. Nchini Ujerumani sheria ya biashara, katika kifungu cha 412, inamtaka mtumaji wa mzigo aupakie, aupange na kuufunga kwa namna inayofaa kwa safari, huku msafirishaji akiwajibika kwa usalama wa gari lenyewe likiwa na mzigo huo. Nchini Australia sheria ya kitaifa ya magari mazito, iliyoanza kutumika mwaka 2014 na kuimarishwa mwaka 2018, imeusambaza wajibu kwa kila mwenye ushawishi juu ya safari: anayetuma, anayepakia, anayepanga ratiba, anayeendesha na anayepokea, pamoja na wakurugenzi wa kampuni zao. Sheria hizo hazikumwondolea dereva wajibu wake. Zilimwongezea wenzake.

Ombi langu la kwanza, kwa mawaziri, ni kwamba sheria itamke waziwazi kuwa aliyepakia chuma anawajibika kwa jinsi kilivyopangwa na kufungwa, na kwamba lori lisiruhusiwe kutoka getini bila hati fupi iliyotiwa saini na msimamizi wa upakiaji pamoja na dereva. Hati hiyo isiwe kitabu. Itaje uzito wa kila kipande, kilichowekwa chini yake, idadi na uwezo wa vifungio, na uwezo wa pete za tela. Karatasi yenye visanduku 40 hutiwa alama zote ndani ya nusu dakika bila mtu kuinua macho, na hilo mnalijua kutokana na ofisi zenu wenyewe. Dereva anayekataa kuondoka kwa sababu ya ufungaji mbovu alindwe na sheria dhidi ya kufukuzwa au kukatwa malipo ya safari, kwani bila kinga hiyo saini yake haitakuwa hiari.

Kwa wakuu wa usalama barabarani, naomba ukaguzi wa vifungio uungane na ukaguzi wa uzito. Lori la chuma linasimamishwa kwenye mizani, linapimwa ekseli zake kwa makini hadi kilo ya mwisho, kisha linaruhusiwa kuendelea huku kiungo cha mnyororo wake kikiwa kimebadilishwa kwa bolti. Umoja wa Ulaya uliliingiza suala la ufungaji wa mizigo katika ukaguzi wa barabarani kwa agizo la mwaka 2014, na makosa yakapangwa kuwa madogo, makubwa na ya hatari, ili mkaguzi ajue ni lini atoe onyo na ni lini lori lisiondoke hapo. Pia Marekani ina kanuni ambayo mkaguzi anaweza kuihakiki akiwa amesimama kando ya tela: jumla ya uwezo wa kikazi wa vifungio isipungue nusu ya uzito wa mzigo. Koili yenye uzito wa takriban kilo 2,268 au zaidi ina masharti yake ya ziada huko. Mkaguzi anayejua kusoma lebo ya mnyororo, na anayejua kwamba mkanda usio na lebo hauhesabiwi, atagundua mengi kabla hajahitaji kikokotoo.

Kwa wamiliki wa viwanda na maghala, naomba sehemu ya kufungia mzigo iwe ndani ya uzio, tambarare, yenye taa na majukwaa ya kusimamia ili watu wasipande juu ya koili zenye mafuta. Nunueni mikeka ya mpira na vikinga kona, kwa kuwa ukingo wa bamba hukata mkanda wa poliesta safari ikiendelea, na mrudishiane vifaa hivyo na wapokeaji badala ya kumwachia dereva agharamie. Muda wa kufunga uhesabiwe kuwa sehemu ya upakiaji. Kiwanda kinachojivunia kupakia malori mengi kwa saa bila kuuliza yamefungwaje kimehamishia gharama yake barabarani, na anayeilipa hakununua chuma chochote.

Kwa wamiliki wa malori sina mengi, maana mengi mnayajua. Msipeleke tela la sakafu bapa kuchukua koili inayohitaji bonde. Mnyororo uliorefuka kwa kuvutwa kupita kiasi na mkanda uliofungwa fundo vitolewe kazini na kuharibiwa, visihamishiwe kwenye lori la mtu mgeni. Na malipo ya dereva yasihesabiwe kwa namna inayomwadhibu anaposimama kukagua.

Kusimama huko ni lazima, kwa sababu mafungu hushuka na kushikamana na mbao hubonyea mara tu safari inapoanza, na mnyororo uliokazwa vizuri yadini hulegea. Kanuni za Marekani zinamtaka dereva akague mzigo ndani ya kilomita 80 za kwanza, na baada ya hapo kila kilomita 240 au kila saa 3, kitakachotangulia. Kanuni ya namna hiyo haina maana ikiwa barabara inayotoka kiwandani haina mahali salama pa kuegesha lori la mita 16. Wizara zinazopanga barabara za viwanda zitenge maegesho hayo katika kilomita za mwanzo, upande uleule yanakopita malori yaliyosheheni.

Natambua kwamba mtajibiwa juu ya gharama, na kwamba wapo watakaosema sheria iliyopo tayari inamtaka dereva asiendeshe gari lenye mzigo hatari. Ni kweli inamtaka. Lakini sheria inayomwajibisha mtu kwa jambo asilo na uwezo wa kulibadilisha haizuii ajali. Inarahisisha tu kazi ya kumpata wa kushtakiwa. Kuhusu gharama, ikiwa ni lazima kuanza kidogo, anzeni na koili na nondo peke yake, kwenye viwanda vikubwa, kwa hati ya getini na mikeka ya mpira, na muwape wamiliki wa tela muda uliotajwa kwa tarehe wa kuweka vibao vya uwezo kwenye pete zao. Mabamba, mabomba na mihimili vifuate baada ya wakaguzi kuzoea kazi.

Naomba kila ofisi iliyotajwa mwanzoni mwa barua hii itoe jibu lake hadharani, ikieleza ni lipi kati ya haya iko tayari kulitekeleza, lini, na ni afisa wa cheo gani atakayelisimamia.

Wenu mtiifu,
Msimamizi wa upakiaji wa mizigo mizito